Mama Alikatwa Rovu Akiwa Macho

Mama yangu alikuwa na sauti. Mtasema kila mtu ana sauti, hata mbuzi anayo. Mimi nasema sauti! Alikuwa akisimama juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuwingia ndege, katikati ya mtama wetu huko milimani Kondoa, akipaza mara moja tu, na ndege wa mashamba matatu wanainuka pamoja. Majirani waliopakana nasi hawakuwahi kujenga dungu lao. Walikaa vivulini wakipiga soga, ndege wao wanafukuzwa bure. Kuna siku mama alisusa, akasema leo na nyie mtoke jasho kidogo, na jioni wakaja na kitoweo kumwomba radhi. Kitoweo alikipokea, na kuwasema akawasema vilevile.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa nta na samli. Alikwenda na punda wake siku nyingi, na njia yake ya kurudi ilipita ng'ambo ya bonde, mkabala na nyumba yetu. Mama akiliona tu vumbi la punda hutoka uani akamwita. Hakumtaja jina, kwetu mke hakumtaja mume jina. Alimwita "Baba weee!" na ile "weee" aliivuta mpaka pumzi imwishe. Baba husimama, huitikia, ndipo huteremka bondeni. Ndugu zake walimcheka, eti mwanamume gani anaitwa kama ng'ombe. Yeye alisema asipoitwa hajafika.

Tena mama alikuwa mnene. Mnene hasa, wa kujaza mlango. Zama zile za Wadachi, na hata kabla yao, hilo kwetu halikuwa jambo la kumwonea mtu huruma. Mwanamke mnene alikuwa sifa ya mumewe, akipita njiani watu wanajua nyumba ile haijalala njaa. Baba alimwekea mama samli ya kwanza kabla ya kumpelekea Mwarabu wa dukani, na mama aliila bila haya. Mimi nilitoka mwembamba, basi kisimani nilikuwa naulizwa kama nyumbani nanyimwa chakula. Loo, maneno yale yalikuwa yakinichoma!

Halafu likaja rovu. Rovu ni uvimbe wa hapa kooni, na huko kwetu halikuwa ajabu. Wanawake wengi walikuwa nalo, wengine wakalivisha shanga. La mama lilianza mimi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Kwa vile shingo yake ilijaa nyama, hatukuliona. Lilikuwa linakua kwa ndani. Tulilijua kwa masikio. Akipanda dungu anatoa mluzi kifuani, na akilala chali anakabwa. Mwisho akawa analala ameketi, mgongo ameuegemeza kwenye kihenge cha mtama, na baba anakaa macho kuusikiliza ule mluzi usije ukakatika. Waganga wetu walimchanja, wakamnywesha mizizi michungu ya kila namna. Rovu wala halikujali.

Nilikuwa mwari wa kuolewa, tayari nimechumbiwa, mwaka daktari wa Kidachi alipokuja bomani Kondoa kuchanja watu ndui. Tulipangwa mstari juani, askari wakituweka sawa kwa fimbo. Zamu ya mama ilipofika, daktari aliuachia mkono wake akamshika shingo. Alikuwa mtu mrefu, uso mwekundu kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupigilia misumari, lakini kilieleweka. Mama Kiswahili alikisikia kidogo tu. Mimi nilikijua kwa kufuatana na baba madukani, basi nikawa mkalimani wao.

"Hii itaziba pumzi yake," daktari akasema. "Labda mwaka huu, labda mwaka kesho. Lazima kukata. Baada ya mavuno aje hospitali, Dodoma. Lakini kwanza apungue. Mnene hivi, kisu ni hatari sana. Ale kidogo."

Nilipoyageuza maneno yale kwa lugha yetu, wanawake kwenye mstari waliangua kicheko. Apungue! Mtu anakwenda kukatwa na kisu, aende amekonda? Sisi tulijua, au tulidhani tunajua, kwamba mnene ndiye anayehimili. Ana akiba mwilini. Wa kuogopewa ni mwembamba. Tukasema Mzungu huyu ana akili za kinyumenyume.

Mama hakucheka. Alikuwa amechoka kulala ameketi. Alinifinya mkono akaniambia, "Nitapungua."

Na kweli alianza. Asubuhi uji mwepesi, mchana mboga, jioni maji. Alikasirika siku nzima, akatukemea wote mpaka kuku, lakini alishika. Kaniki yake ikaanza kubakiza pindo. Na mluzi ule, wallahi, ulipungua. Kuna asubuhi nilimkuta ameteleza kutoka kwenye kihenge, amelala ubavu, na bado anapumua.

Jamani, hapo ndipo kijiji kilipotuingilia. Eti baba amefilisika. Eti anamnyima mkewe chakula amchoke, aondoke, aoe mwingine. Wanawake wakaanza kuja na vyungu vichwani, huyu na maziwa mgando, huyu na kunde, huyu na kuku mzima. Na chakula ulicholetewa na jirani hukikatai. Ukikikataa umemkataa mwenyewe, na siku ukifiwa utalia peke yako. Mama alionja huku, akaonja kule. Baba naye akapita njiani ameinamisha kichwa, yeye aliyekuwa akitembea kifua mbele.

Kisha akahamia kwetu mama mkubwa. Huyu alikuwa dada yake mama, mjane mrefu, mkavu, mwenye mikono migumu ya jembe. Mama aliachwa yatima mdogo, na dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula. Alikuja na chungu cha samli, akakiweka katikati ya nyumba, akaketi mbele yake.

"Hutakwenda kwenye kisu cha Wazungu ukiwa mifupa," alisema. "Nimekulea mimi. Unataka nikuzike mimi? Kula."

"Dada, daktari amesema..."

"Daktari amekuzaa? Kula, mdogo wangu."

Mama alinitazama. Mimi nilikuwa nani? Mwari, mbele ya mama mkubwa, ana neno gani? Nilifungua kinywa, mama mkubwa akanigeuzia jicho, nikakifunga. Mama akala. Alikula kwa sababu alikuwa anapendwa, na hakuna chakula kigumu kukikataa kama hicho. Mpaka mavuno yalipokwisha alikuwa amerudi unene wake wote na kuzidi, na mluzi umerudi nao. Kile chungu cha samli ninakiona hadi leo. Natamani kingepasuka njiani.

Tulikwenda Dodoma, baba, mama, mama mkubwa na mimi. Mama alibebwa kwenye machela na wapagazi wa baba, watu waliozoea mizigo ya nta. Kila wakipumzika walimtania.

"Mama, ulimmeza punda?"

"Nilimmeza," mama akajibu kwa mluzi wake, "na wewe nakuweka kwa jioni." Msafara mzima ukacheka, na yeye mwenyewe akacheka mpaka ikabidi tumkalishe apate hewa. Hata hivyo, kila tulipofika kwenye makazi ya watu alitangulia kutoa salamu kutoka mbali, na Wagogo wenye ng'ombe wao walitoka kwenye tembe kuangalia nani anayekuja na sauti ile. Pale Miyuji, karibu kufika Dodoma, walitupa maziwa. Mama aliwashukuru kwa lugha yetu, wao wakaitikia kwa yao, na kila mtu akaelewa.

Dodoma wakati ule ilikuwa vumbi, upepo, reli na majumba machache ya Wadachi. Hospitali ilikuwa nyumba ndefu yenye baraza mbele na madirisha ya mbao. Daktari alipotuona alimtambua mama mara moja. Akamzunguka, akatazama shingo, akatazama mikono, na uso wake ulizidi kuwa mwekundu.

"Nilisema apungue!"

Baba akajikohoza. Mama mkubwa akaniuliza Mzungu anasemaje. Nikamwambia. Akasema kwa lugha yetu, taratibu kabisa, "Mwambie tumemtunza." Sikumwambia. Kusema nini? Ningeanzia wapi?

Daktari aliketi juu ya kasha, akatupangia mambo kama mtu anayewaeleza watoto. Kulikuwa na askari mmoja mnene, alisema, aliyekuja kukatwa uvimbe mwingine. Alimpa dawa ya usingizi, ulimi ukarudi nyuma, pumzi ikakwama kwenye shingo ile nene, na askari hakuamka. "Mama huyu ni mnene kuliko yule. Halafu ana rovu. Nikimlaza chali na kumpa dawa, anakufa kabla sijashika kisu."

"Basi turudi nyumbani," baba akasema. Alishainuka.

"Mkirudi, atakufa nyumbani."

Baba akaketi tena. Alianza kuvua kofia na kuivaa, kuvua na kuivaa.

"Kuna njia moja," daktari akasema. "Nimkate akiwa macho. Ameketi, hivi, nusu. Namchoma sindano za ganzi, nyama inakufa kidogo. Ataumia, lakini atapumua." Kisha akanikazia macho mimi. "Sikiliza vizuri, wewe. Ndani ya shingo kuna mshipa mwembamba, kama uzi wa kushonea. Huo ndio unashika sauti. Kwa mtu mwembamba nauona. Shingo hii imejaa mafuta, sitauona. Kwa hiyo lazima aseme. Wakati wote mimi nakata, yeye anasema. Sauti ikibadilika, naacha pale, naenda pengine. Akinyamaza, mimi ni kipofu. Umeelewa?"

Nilielewa. Nikamweleza mama neno kwa neno, nikarudia. Na mama, masikini, alicheka! "Anataka niseme? Basi amempata mtu. Mwambie nitasema mpaka aniombe nyamaza." Nikamwambia daktari. Hata yeye akatabasamu, na baba akavaa kofia yake akaiacha kichwani.

Mama mkubwa peke yake hakucheka. Lazima niwaeleze jambo la kwetu. Mwanamke wa kwetu hakulia kwenye maumivu. Akijifungua, hata mguno hakutoa. Aliuma kitambaa, akauma mkono wake, akanyamaza, na nje watu walisikia kilio cha mtoto tu. Aliyepiga kelele alisemwa kisimani mpaka wanawe wakaoa, na fedheha haikuwa yake pekee, ilikuwa ya aliyemlea. Mama alinizaa mimi kimya, akawazaa na wadogo zangu kimya, yeye mwenye sauti ile. Mama mkubwa alikuwa akilisimulia hilo kwa majivuno kuliko jambo lolote duniani.

"Kusema ni sawa," alimwambia mama jioni ile. "Sema. Lakini usilie, mdogo wangu. Hapa ni ugenini."

"Silii, dada," mama akajibu.

Asubuhi walimkalisha kwenye kitanda kilichoinuliwa kwa magunia ya mchanga upande wa kichwani. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa ajili ya lugha. Nilifungwa kitambaa cheupe usoni, nikawekwa upande wa kulia nimshike mkono. Baba hakuweza kukaa, alikwenda kutembea kwenye reli. Mama mkubwa aliketi barazani, chini ya dirisha, pamoja na wanawake wa Kigogo walioleta wagonjwa wao.

Sindano zilipoingia mama alianza kusema. Alisema! Alitaja mbuzi wetu mmoja mmoja kwa rangi zao na tabia zao. Aliwasema majirani wasiojenga dungu, akaeleza kila mmoja alivyo mvivu, na mama yake alivyokuwa mvivu. Alimsema punda wa baba anayejifanya kiziwi. Daktari alikuwa ameinama, mikono imo kazini, akaniuliza anasema nini. Nikamwambia habari za punda. Akacheka nyuma ya kitambaa chake. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Aendelee."

Mimi nilikuwa nimeanza kutulia. Nilitazama uso wa mama tu, kwingine sikuthubutu. Niliwaza, kumbe jambo lenyewe ndilo hili, litakwisha, tutarudi.

Kisha daktari akafika ndani, kule ganzi isikofika. Alilivuta rovu litoke chini ya mfupa wa kifua. Mkono wa mama ulinibana mpaka vidole vikalia. Alikuwa katikati ya habari ya mbuzi mwekundu, sauti ikapanda, ikapanda tena, ikawa si maneno, ikawa inakaribia kuwa kilio. Daktari alisema, "Vizuri, asiache." Kwake kilio kilikuwa sawa na wimbo. Alitaka kusikia tu.

Na hapo dirishani ikaja sauti ya mama mkubwa, kwa lugha yetu, ya chini, ya mapenzi kabisa, sauti aliyomlelea.

"Jikaze, mdogo wangu. Wageni wanasikia."

Mama akafunga mdomo.

"Aseme!" daktari akasema. "Kwa nini kimya? Mwambie aseme!"

"Mama, sema! Mama, sema lolote! Mbuzi mwekundu! Mama!"

Alinitazama. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka masikioni, midomo ameibana imekuwa myeupe. Sasa nimekula chumvi nyingi na nimezaa, ninajua kilichokuwa kinatokea. Hakuwa anakaidi. Alijua kwamba akifungua mdomo kitakachotoka si mbuzi mwekundu, ni kilio, na kilio kile kingempiga dada yake usoni. Lakini siku ile nilichokiona ni ujasiri. Nilimwona mama yangu anavyokatwa shingo na hatoi mguno, na kwa kitambo kidogo, ya Rabi, nilimwonea fahari. Daktari alikuwa ameshika chombo chake, anasubiri, damu inakuja, hawezi kusubiri tena. Akakata.

Rovu lilipotoka walilitia kwenye beseni. Lilikuwa kama boga dogo. Mama akashusha pumzi ndefu, safi, isiyo na mluzi hata kidogo, na ndipo akafungua mdomo kuniambia neno. Midomo ilicheza. Kilichotoka ni hewa.

Daktari alisema tusubiri, pengine ni uvimbe tu, utapona. Tukasubiri. Nataka kusema haki hapa, maana wapo watu husimulia habari hii kana kwamba Mdachi alituua. Hakutuua. Usiku wa kwanza mama alipolazwa chali, alilala. Alilala usingizi wa mtoto, na baba alikaa kando yake, kwa mazoea akausubiri mluzi, mluzi haukuja, akaweka sikio kifuani pake, akasikia pumzi inakwenda na kurudi. Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Kidonda kilipofunga, daktari alikuja akamwambia mama aseme "Aaa". Mama akafungua mdomo. Hewa. Akamwambia tena. Hewa tena, na ndani yake mkwaruzo mdogo, kama mtu anayeburuta mkeka. Daktari aliketi kwenye kasha lake.

"Sikuuona ule mshipa," akasema. "Nilikuwa nasikiliza, nikasikia kimya." Kisha akaniuliza, "Yule mwanamke dirishani alisema nini?"

Nikamwambia. Akakuna kidevu. Nilidhani atatoka akamfokee mama mkubwa, na niliogopa, tena nikataka afanye hivyo, yote mawili. Hakutoka. Aliniuliza tu, "Kwenu hata kufa mnakufa kimya?" Nikasema ndiyo, Bwana Daktari. Akainuka akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mama mkubwa hakuhitaji kufokewa. Aliposikia ule mkwaruzo alifunika uso kwa kaniki, na njia nzima ya kurudi alitembea nyuma ya machela, akawa anakula vumbi la wapagazi. Wapagazi wenyewe walijaribu utani. Mmoja akasema, mama, leo umemmeza nani? Mama akatabasamu, akafungua mdomo, akaufunga. Basi hakuna aliyetania tena.

Nyumbani mambo yalikuwa madogo madogo, na hayo ndiyo mabaya. Mtama ulipochanua ndege wakaja. Mama alipanda dungu na kibuyu chenye kokoto, akatikisa, ndege wakainuka na kutua palepale. Majirani wakajenga madungu yao, kila mmoja lake, na walivyokuwa wakigonga nguzo zile nilitamani kuwatukana. Mama mkubwa alimshusha mama, akapanda yeye. Alikuwa na sauti mbaya, kavu, ya kukohoa, na alipiga kelele kutwa mpaka ikamkauka, msimu baada ya msimu, mzee yule, na asiposikilizwa na ndege aliwarushia udongo huku akilia machozi. Mama alikaa chini ya dungu akimchambulia mboga. Hawakuwahi kusemezana juu ya lile neno la dirishani. Wangesemezanaje?

Baba alijaribu mzaha. "Siku hizi nyumba hii ina adabu," akasema siku moja alipoingia. Mama akacheka bila sauti, na baba akatoka nje akajifanya anatazama kwato za punda. Tangu tulipotoka Dodoma, kila aliporudi safari alisimama mahali pale ng'ambo ya bonde, palepale. Mama alitoka uani akampungia kitambaa. Baba alikiona, lakini aliendelea kusimama kidogo, ndipo akateremka.

Na mama akakonda. Alikonda kwa huzuni, bila kuambiwa na daktari yeyote, mpaka kaniki ikamzunguka mara mbili. Nikimwangalia shingo yake ile nyembamba, yenye kovu, nilikuwa nawaza, ingekuwa hivi siku ile, mshipa ungeonekana. Angelazwa, angepewa usingizi, asingehitaji kusema wala kunyamaza. Watu huniambia nishukuru, mama aliishi. Ninashukuru! Nani amesema sishukuru? Lakini ninajuta kile chungu, ninajuta lile dirisha, ninajuta kwamba tulimpenda kwa namna tuliyoijua sisi, na hatukujua nyingine.

Niliolewa, nikachukua mimba, na siku zangu zilipotimia nikarudishwa kwa mama kujifungua, ndiyo desturi ya mimba ya kwanza. Mtoto alikaa vibaya. Nilianza alfajiri, jua likapanda, sijajifungua. Nilikuwa nimeuma kitambaa kimechanika, nimeanza kuuma mkono. Wanawake walijaa uani, kimya, wanasubiri. Mama alinishika mgongo kwa nyuma, mama mkubwa alikuwa mbele yangu, magoti yangu ameyashikilia. Uchungu ukaja mkubwa kuliko wote, nikahisi sauti inanipanda, na mama mkubwa, kwa mazoea tu, bila kufikiri, akainamisha uso wake mzee akaniambia, "Jikaze, mwanangu..."

Mkono wa mama ukapita juu ya bega langu, ukamfunika dada yake mdomo. Hakumpiga. Aliuweka tu pale, ukakaa. Mama mkubwa alitoa macho, kisha macho yale yakajaa maji, hakuuondoa. Na mama akaleta midomo yake sikioni mwangu, na ule mkwaruzo wake, na hewa, nikasikia maneno moja moja.

"Piga kelele," akasema. "Piga, mwanangu. Piga na yangu."

Nikapiga. Yarabi, nilipiga! Sikujua nina sauti ile. Nilipaza mpaka kuku wakaruka ukutani, mpaka wanawake uani wakasimama wote, na mtoto akatoka. Nikaendelea kupiga mtoto akiwa ameshatoka, na mama amenikumbatia kwa nyuma, anatetemeka.

Baba alikuwa anarudi safari siku ile. Alikuwa ng'ambo ya bonde na punda wake. Aliniambia baadaye kwamba alisimama, akaitikia, na akaanza kukimbia kuteremka bonde, mizigo ameiacha njiani, kwa sababu alidhani ni mama anamwita.